Maili Ishirini na Sita kwa Watoto Waliofiwa

Niliposikia kelele nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la nne, kikombe cha uji mkononi. Msichana mmoja alikuwa amemkalia mwenzake kifuani, anampiga kwa jiwe. Hakupiga kama watoto wanavyopigana, kwa kulia na kutukana. Alikuwa kimya. Aliinua jiwe, akalishusha, akaliinua tena, kama mtu anayetwanga. Mpaka nawafikia, mwenzake alikwisha kupasuka juu ya jicho na damu ilikuwa inamwingia mdomoni. Kosa lake ni kwamba alikuwa amemwambia, "Baba yako hana hata kaburi."

Hiyo ilikuwa Kibondo, mwaka wa sabini na tatu. Nilikuwa mwalimu kijana, mwenyeji wa Kagerankanda huko Kasulu, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Shule yetu ilikuwa imepokea watoto wengi waliovuka mpaka kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka uliotangulia. Wengine walikuja na mama zao, wengine na shangazi, wengine na mtu tu waliyeokotana naye porini. Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Tulidhani kusikilizana lugha kunatosha.

Nilimchapa yule msichana. Nataka kuliandika jambo hili bila kulizungusha. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima na kumchapa mikononi, na mikono ilipovimba aligeuka mwenyewe akanipa mgongo. Katika fimbo ya nane, fimbo ikakatika. Akaniangalia na kuniuliza, bila kiburi chochote, "Niende nikakate nyingine, mwalimu?"

Alikuwa na miaka kama kumi. Nilimwambia akakae.

Alasiri ya siku hiyo alikuja bibi mmoja, mrefu, mkavu, amejifunga kanga mbili zilizochakaa. Ndiye aliyekuwa akiishi na yule msichana. Hawakuwa ndugu. Walikutana ukingoni mwa Malagarasi wakisubiri kuvuka, bibi amepoteza watoto wake wote wanne na msichana hana mtu, wakashikana mikono wakaingia majini.

"Mwiriwe, mwalimu," alinisalimu kwa lugha yao. "Wewe ndiye uliyempiga mtoto wangu?"

"Ndiyo mimi, bibi. Alimpasua mwenzake."

"Nimesikia. Kukanywa anastahili. Lakini umempiga mtu ambaye bado anapigwa." Akatazama rundo la fimbo kwenye kona ya ofisi. "Njoo kwangu Jumamosi. Hizo ziache huku."

Nilikwenda. Nyumbani kwake nilikuta watoto tisa wamekaa kwenye mkeka chini ya upenu, wote wa kutoka ng'ambo. Bibi alikuwa akiwauliza mmoja mmoja maswali matatu: nani wako alikufa, alikufaje, nani alimfunika. Mtoto akitaka kusema, alisema. Asiyetaka alinyamaza, na bibi alimpita kwenda kwa mwingine bila kumlazimisha. Nyuma ya nyumba palikuwa na vilima vidogo vya udongo, kila kimoja urefu wa mkono. Hapo kila mtoto aliyekwisha kusema alikuwa amemzika mtu wake. Aliyeondoka na kifungo cha shati la baba yake alizika kifungo. Asiye na kitu alizika jani la mgomba. Kisha walikaa matanga, wakalia, wakala chochote kilichokuwepo.

"Huyu wa kwangu hajachimba," bibi aliniambia polepole. "Kila Jumamosi anakaa, ananyamaza."

Sijui kama ni kwa sababu mimi nilikuwepo, lakini siku ile yule msichana alisema. Alisema akiwa anatazama vidole vyake vya miguu. Baba yake alikuwa seremala. Vijana walikuja na wanajeshi mchana kweupe, na mmoja wao alikuwa amewahi kununua kitanda kwake. Walimfunga viwiko kwa nyuma kwa kamba. Waliingia karakana yake, wakatoka na nyundo yake mwenyewe. Msichana alikuwa migombani na ndoo ya maji kichwani, akaogopa kuitua isije ikalia. Alihesabu mapigo. Yalikuwa manane.

Niliposikia hesabu hiyo niliikumbuka fimbo yangu. Nilisimama niondoke. Bibi akanigeukia.

"Na wewe, mwalimu? Nani wako?"

"Baba yangu," nilisema. "Alisafiri."

Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Ndivyo nilivyoambiwa nilipokuwa na miaka saba, siku waliponipeleka kwa shangazi ili nisione msiba. Baba hakusafiri. Aliuawa na kundi la watu barabarani, karibu na kwetu. Walimpigia yowe la mwizi kwa ajili ya mbuzi, akakimbia, na kwa kuwa alikimbia wakaona ni kweli. Walimpiga kwa magongo mpaka akafa. Hayo niliyajua miaka miwili baadaye kutoka kwa mtoto mwenzangu, tukigombania mpira wa makaratasi, na nilimvunja mkono mtoto huyo kwa kuuzungusha mgongoni. Wazee walinichapa. Hakuna aliyeniuliza.

Haya yote niliyasema pale kwenye mkeka, mtu mzima, mbele ya wanafunzi wangu. Bibi akanyanyuka akaleta jembe, akamkabidhi msichana. Alipomaliza kuchimba, msichana akanipa mimi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Upenu wa bibi ulivuja, na watoto, ambao sasa walikuwa wameongezeka, walikaa wakiloa. Wawili walishikwa na kichomi na mmoja akafa. Bwana mganga wa hospitali, Mngoni aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea, alikuja kumtazama na kukuta amechelewa. Tulirudi naye tukitembea kwenye tope.

"Wanahitaji banda na mablanketi," alisema. "Ofisini watakwambia subiri."

"Wameshaniambia."

"Wewe si ulikuwa mkimbiaji chuoni Kasulu?"

"Nilikuwa."

"Nimesikia redioni kuna nchi ambako mtu hukimbia maili ishirini na sita, na watu humwahidi vitu akifika. Vitu hivyo hupewa wenye shida."

Nilicheka. Hakucheka. Wiki iliyofuata, akiwa na safari ya kikazi, alipima njia kwa landirova ya hospitali, akanionyesha mahali pa kuanzia: kijiji kimoja cha Nyakitonto, kisha barabara moja kwa moja hadi soko la Kasulu.

Niliandika barua kwa walimu wangu wa zamani chuoni, wakaahidi misumari na mabati. Wanawake wa sokoni waliahidi maharage. Ahadi kubwa ilitoka kwa mzee mmoja mwenye duka la nguo pale mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Aliniita dukani akanitazama miguu.

"Robota zima la mablanketi," alisema. "Ukifika hapa kwa miguu yako mwenyewe kabla ya adhana ya alasiri. Mimi napenda mtu anayetimiza."

Tulipanga mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa na barabara imekauka. Mwalimu mwenzangu angenifuata kwa baiskeli akiwa na maji na barua yenye mhuri wa serikali, inayoeleza mimi ni nani na kwa nini nakimbia. Tulianza jua linapochomoza, baridi ya mlimani imeshika masikio. Nilivaa singleti, kaptula na raba za kuazima. Maili za kwanza zilikuwa raha tupu. Watoto walitoka majumbani kunishangaa, wanawake wenye majembe wakaniuliza nani amekufa huko nitokako.

Kwenye maili ya kumi na moja gurudumu la baiskeli likapasuka. Mwenzangu akashuka, akatoa kiraka na gundi.

"Tangulia," alisema. "Nitakukuta."

Nikatangulia. Barua ilibaki mfukoni mwake.

Yapata maili nne mbele kulikuwa na kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, nyasi za mapaa bado za kijani. Watu wake walikuwa wamehamishiwa hapo mwaka ule ule kutoka mashamba yao ya zamani. Sikujua kwamba siku mbili kabla, wezi walikuwa wamechukua ng'ombe wao na kumuua mchungaji kwa mkuki. Sikujua kwamba mgambo walikuwa vichakani wakingoja. Nilichokiona ni mwanamke aliyekuwa akianika mihogo. Aliniona ninakuja mbio, nimetota jasho, sina mzigo, sina shati. Akapiga yowe.

Nilifanya kosa alilolifanya baba yangu. Sikusimama. Ahadi ilikuwa ni kukimbia, na kichwa changu kilikuwa kwenye saa ya adhana tu. Nilipunga mkono, nikaendelea.

Kirungu cha kwanza kilinipata mgongoni. Cha pili kilinipata sikio la kushoto, na upande ule wote wa dunia ukazima. Nilianguka kifudifudi. Niliona miguu, mingi, mingine peku na mingine na makobazi ya matairi. Nilipiga kelele kwa Kiha kwamba mimi ni mwalimu, ni mtoto wa Kagerankanda. Sauti moja ikasema, "Hata wezi wanaongea Kiha," na mtu akanirukia mbavuni kwa miguu yote miwili. Nilisikia zinavunjika kabla ya kuhisi maumivu. Mmoja alikuwa akinipiga kwa ubapa wa panga na kila pigo alisema neno lile lile: "Ndugu yangu! Ndugu yangu!" Sikumwelewa. Nilidhani ananikejeli.

Kisha mkono wangu ukagusa jiwe.

Watu wamewahi kuniambia nilijitetea. Si kweli kabisa. Yule wa panga alipoinama kunigeuza, nilimpiga nalo mdomoni, na alipoanguka nilipanda juu yake nikampiga tena. Nilisikia meno yakikatika. Wengine walikuwa wanaendelea kunipiga mgongoni na sikuwajali. Nilitaka uso ule usiwepo. Kama wasingenivuta miguu ningemuua, na hili nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Walinifunga viwiko kwa nyuma. Waliponiinua niketi, jicho moja lilikuwa limefunga, na kwa lile jingine nikamwona mwalimu mwenzangu anakuja barabarani juu ya baiskeli, amesimama juu ya pedali, barua ameinua juu ya kichwa kama bendera.

Kamanda wa mgambo, mtu wa makamo mwenye kofia ya jeshi iliyopauka, aliichukua akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika mahali paliposema "watoto waliofiwa" alisimama, akarudia. Yule mwanamke wa mihogo akaanza kulia.

"Kwa nini hukusema?" kamanda aliniuliza.

"Nilisema. Mlikuwa mnapiga."

Walinifungua. Waliniletea maji kwenye kibuyu, nikatema damu kwanza. Yule niliyempiga alikuwa amekaa pembeni, kitambaa mdomoni, ananitazama. Mwenzangu akaniinamia.

"Panda baiskeli. Nikupeleke hospitali."

"Saa ngapi?"

"Umechanganyikiwa?"

"Saa ngapi?"

Ilikuwa saa tano na robo. Nikasimama. Kila pumzi ilikuwa kama kumeza msumari. Nilipiga hatua, kisha nyingine, na hatimaye zikawa kitu kinachofanana na mbio. Kamanda akanitazama, akawageukia vijana wawili, mmoja wao ndiye aliyenirukia mbavuni. "Nendeni naye," aliwaamuru. "Kijiji cha mbele nao wana hasira. Watamaliza tulichoanza."

Basi tukaenda: mimi mbele natiririka damu, mgambo wawili nyuma na virungu vyao, baiskeli nyuma yao. Hakuna aliyefikiria jinsi tulivyoonekana. Kijiji cha mbele waliona mwizi aliyejeruhiwa anawatoroka mgambo. Walikuja kutusaidia kunikamata, na walikuja na mawe. La kwanza lilinipita. La pili lilimpata yule kijana wa mbavu kwenye paji la uso, kwa kuwa alikuwa ameruka mbele yangu na kuwanyooshea mikono akipiga kelele, "Si mwizi! Si mwizi! Ni mwalimu!" Ilibidi mwenzake amzungushie mtu mmoja kirungu magotini ndipo wengine wakaacha. Barua ikasomwa tena. Tukapewa ndizi mbivu. Mimi na yule kijana tulikimbia tukiwa tunavuja damu hadi mji ulipoonekana.

Nilipoingia barabara ya soko, watu walikuwa wanatoka msikitini. Nilielewa maana yake. Hakuna aliyeshangilia. Wanawake walivuta watoto wao kando. Walimu wangu wa chuoni walikuwa wamesimama na bango la kitambaa, na mmoja wao aliponitambua aliliachia upande wake likaanguka.

Mzee wa duka alikuwa anafungua milango, kofia bado kichwani.

"Mwalimu," alisema, "adhana imekwisha."

"Najua, mzee."

"Na hawa?"

"Hawa walinipiga. Kisha wakanisindikiza."

Alitutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. "Ahadi ilikuwa kabla ya adhana," alisema. "Ahadi umeikosa." Akaingia ndani. Nikaketi kwenye ngazi ya duka. Alirudi akilivuta robota yeye mwenyewe, mzee wa umri ule, hadi lilipogusa goti langu. "Hii si ahadi," alisema. "Hii ni sadaka. Sasa mpelekeni hospitali kabla hajanifia mlangoni."

Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Sikio la kushoto halikurudi. Nililala wiki mbili, na huko Kibondo banda likajengwa bila mimi, kwa mabati na misumari ya Kasulu.

Nilipopata nguvu nilirudi kwenye kile kijiji kipya. Sikutaka kwenda. Bibi alinituma. Nilipomsimulia kila kitu, pamoja na jiwe, aliniambia, "Basi na huyo naye ni wa mkeka." Nilimkuta yule mtu akichonga mpini. Meno yake manne ya mbele hayakuwepo. Aliponiona hakusimama.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema.

"Na mimi nikuombe nini?"

Nilikaa chini. Hatimaye akaniambia kwamba yule mchungaji aliyeuawa kwa mkuki alikuwa mdogo wake, walinyonya ziwa moja. "Nilipokuona unakimbia, nilimwona aliyemuua," alisema. Maneno yalimtoka na mluzi katika mapengo, na mimi nilitazama udongo. Kulikuwa na watoto watatu wakicheza karibu na ghala. Nikamuuliza ni wa nani.

"Wa mdogo wangu. Tumewaambia baba yao yuko Uvinza, anachimba chumvi."

"Waambie, kaka."

"Ni wadogo."

"Wataambiwa na watu wengine. Wataambiwa vibaya."

Alichonga mpini wake mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akaweka panga chini, panga lile lile, akawaita. Aliwaambia kwa maneno machache, bila kuficha mkuki. Mkubwa alikimbilia nyuma ya nyumba. Wa kati alisimama tu. Mdogo, wa kike, alimrukia baba yake mkubwa, akampiga ngumi za tumboni na kumng'ata paja, anapiga kelele kwamba ni mwongo. Alimwacha ampige. Alimwacha hadi alipochoka mwenyewe akalala pale miguuni, na ndipo akamnyanyua.

Banda la bibi lilidumu zaidi ya mwaka. Watoto walikuja hata wa kwetu, wa wenyeji waliofiwa, ambao wazazi wao wa kulea walianza kwa kuona haya na baadaye wakawaleta wenyewe. Sitasema yule msichana alipona. Alipigana tena mara nyingi, ila aliacha mawe, na akipandwa na hasira alitoka darasani bila ruhusa akaenda kwa bibi. Nami sikumzuia, jambo lililonigombanisha na mwalimu mkuu. Fimbo niliziacha. Si kwa sababu nilikuwa mwema. Kila nilipoishika moja niliisikia mikono yangu inataka.

Kisha malori yakaja. Amri ilikuwa kwamba wakimbizi wapelekwe kwenye makazi mapya, mbali, upande wa Tabora. Walipakiwa asubuhi moja na vyungu vyao, kuku na mablanketi. Bibi alikuwa mzito kupanda, na msimamizi mmoja, kijana mwenye haraka, alimsukuma mgongoni akaanguka, kifua kikagonga ubao wa lori. Yule msichana alikuwa amekwisha kupanda. Aliruka chini akamng'ata yule msimamizi mkononi mpaka damu. Askari akainua kitako cha bunduki. Nilijikuta katikati yao, mikono juu, nikisema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ni mwanafunzi wangu! Ni mwanafunzi wangu!"

Askari aliteremsha bunduki. Msimamizi alitukana, akafunga leso mkononi. Mimi na msichana tukampandisha bibi, yeye akimvuta juu na mimi nikimsukuma kutoka chini. Hatukupata nafasi ya kuagana, kwa kuwa lori liliondoka mlango wa nyuma haujafungwa vizuri na watoto wote waliushikilia usifunguke.

Jumatatu niliita mahudhurio. Zaidi ya nusu ya majina hayakuitikiwa, lakini niliyasoma yote hadi la mwisho, kisha nikawaambia waliobaki wasogee madawati ya mbele.